Ng'ombe wa Baba Hewani

Baba alipoanguka mara ya pili kwenye njia ya kushuka bomani, hakuumia sana. Alichubuka kiwiko, akapoteza kofia, na fimbo yake ikaendelea na safari peke yake hadi karibu na mto. Aliyeumia ni dada yangu mkubwa, anayekaa Kericho mjini. Habari zilimfikia akiwa kazini, akaziandika kwenye kundi letu la familia kwenye simu kwa herufi kubwa tupu, na kabla ya saa ya chai uamuzi ulikuwa umepita: ng'ombe wauzwe, Baba ahamie kwake. Chumba kilikuwa tayari. Kilikuwa kimepakwa rangi tangu alipoanguka mara ya kwanza.

Ni vizuri mjue jinsi nyumbani kwetu kulivyokaa. Nyumba iko juu, karibu na barabara. Chini yake kuna shamba la chai, kando ya chai kuna kijisitu cha mikaratusi, halafu kipande cha nyasi za mifugo, na huko chini kabisa, karibu na mto, ndipo palipo boma la ng'ombe. Babu ndiye aliyepanga hivyo. Aliamini kwamba watu wanataka barabara na ng'ombe wanataka maji, wala hakufikiria kwamba siku moja mwanawe angekuwa na nyonga ya chuma. Njia yenyewe ni ya udongo mwekundu, na kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Njia hiyo hupata kukauka kidogo asubuhi, na ikishapata tu, mawingu yanarudi kuangalia kazi yao.

Asubuhi na jioni Baba alishuka kwenda kuwatazama ng'ombe wake. Hakwenda kukamua; kuna mama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, ambaye pia ndiye anayempikia tangu Mama yetu atutoke. Wala hakwenda kuwalisha. Alisimama tu akawatazama, kimya, kwa muda, kisha akasema "haya" na kupanda tena kwenda kunywa chai. Nilipokuwa msichana niliona ni kupoteza wakati. Sasa nimefika umri wa kuitazama simu yangu namna hiyohiyo, na simu haitoi maziwa.

Kwa hiyo nilimpigia dada.

"Ukiuza hao ng'ombe, huko Kericho atakaa akitazama nini? Vigae?"

"Atatazama wajukuu."

"Wajukuu wako shule ya bweni."

"Wewe ni mtu wa maneno tu tangu zamani. Sema, una mpango gani?"

Sikuwa na mpango wowote. Nikasema, "Kamera."

Nikasikia anavuta pumzi ya mtu anayemhesabia mdogo wake makosa. "Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi," akasema. "Nikimkuta ameacha kushuka kwa hiyo njia, ng'ombe wakae. Nikimkuta bado anashuka, mnunuzi anakuja na lori siku hiyo hiyo. Na usije ukanililia."

Hapa niseme kwamba mimi ni mtu wa historia. Niliisoma chuo kikuu, nikaifundisha miaka mingi, na sasa naandika makala ambazo husomwa zaidi na watu wanaosubiri kuonwa na daktari wa meno. Lakini katika familia kama yetu, aliyesoma amesoma. Nimewahi kuulizwa kwa nini pampu ya maji haivuti, na jirani mmoja aliniletea kuku aliyevimba jicho. Nikajibu maswali yote mawili kwa ujasiri uleule. Kuku alipona, pampu haikupona.

Kericho nilinunua kamera isiyo na waya na skrini yake ndogo, ile inayoonyesha picha inayotumwa na kamera moja kwa moja bila kupitia intaneti. Zipo za intaneti, lakini kule mtoni ni sauti ya simu tu inayopita; intaneti hufika kama wale wageni wa mazishini: imechelewa, na haikai. Muuzaji aliniambia picha inafika "mbali sana, madam." Boksi nalo lilisema inafika mbali mahali pa wazi. Nimekuja kugundua kwamba mahali pa wazi panapotajwa kwenye maboksi ni jangwani, pasipo mti, pasipo mvua, na pasipo Mkipsigis yeyote kama sisi anayependa kupanda mikaratusi.

Nilikuja nyumbani na mume wangu. Yeye ni Mkisii, anafanya biashara ya ndizi soko la Chepilat, na ana subira ya mtu aliyezoea kungoja ndizi ziive. Kwa sababu yake, Baba huongea Kiswahili nyumbani akiwa naye, hata anaponigombeza mimi, ili mkwe naye apate kusikia vizuri ni kitu gani alichooa.

Tukajaribu. Mume wangu akabeba kamera akateremka nayo kuelekea bomani, mimi na Baba tukabaki sebuleni na skrini. Picha ilitembea naye vizuri hadi kwenye choo cha nje. Ikaingia naye kwenye chai hatua chache, ikaanza chengachenga, ikafa.

"Mkwe amepotelea wapi?" Baba akauliza.

"Ako kwa chai, Baba. Ni picha imepotea."

"Mimi nilijua. Hiyo kitu ni ndogo sana kushinda ng'ombe."

Usiku huo wote niliutumia kwenye simu nikitazama video za wanaume wenye meza safi wakieleza jinsi ya kutengeneza antena. Jambo nililoshika ni kwamba ukiweka kitu cha chuma chenye umbo la bakuli nyuma ya antena, kinakusanya mawimbi na kuyarudisha mbele, kama mkono unavyokusanya sauti ukiuweka nyuma ya sikio. Asubuhi niliingia jikoni nikatoka na karai.

"Karai yangu inaenda wapi?" akauliza yule mama anayempikia Baba.

"Inaenda kusaidia ng'ombe."

"Ng'ombe wanataka mandazi?"

Niliisimamisha karai kwenye kigoda, nikaifunga kwa waya, nikaielekeza mtoni kupitia dirisha la sebule, na ile skrini nikaiweka mbele yake ili kiantena chake kikae karibu na katikati ya bakuli. Mnaweza kucheka, lakini ilifanya kazi. Si vizuri, ila ilifanya. Safari hii picha ilivuka chai yote ikafika bomani ikiwa hoi. Baba alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Hawa ni ng'ombe ama ni moshi?"

Nikateremka mwenyewe kwenda kumpokea mume wangu kamera, ili niigeuzegeuze nione ni wapi itakaa vizuri. Nikampigia Baba simu kumuuliza picha ikoje. Akasema iko. Iko namna gani? Iko tu. Hapo nikafanya kosa. Nilitaka jibu la kupimika, kama wanavyofanya wale wa meza safi, nikauliza: "Baba, hapo unaona ng'ombe wangapi?"

Simu ilikatwa.

Mume wangu alikuwa amesimama karibu. "Umemuuliza nini mzee?"

Nikamwambia. Akashika kichwa. "Wewe si ndiye Mkipsigis hapa? Hata mimi najua!"

Na mimi nilijua. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Mwenye ng'ombe huwatazama akajua kama wametimia, basi. Akiwataja kwa idadi ni kama kuita kitu kije kipunguze. Nimefundisha jambo hilo darasani, na kuna mwaka nililiweka kwenye mtihani. Lakini nikiwa na kamera mkononi na elimu ya usiku mmoja kichwani, lilinitoka kabisa. Baba hakuongea nami hadi jioni. Akitaka kitu alimwambia mume wangu: "Mwambie huyo profesa anipitishie sukari." Mimi nilikuwa nimeketi kando ya sukari.

Tangu siku hiyo tulibadilisha namna ya kupima. Niliuliza: yule mweusi anafanya nini? Baba akisema amelala, ujue picha ni mbaya, kwa sababu mweusi huyo hulala mara chache sana. Akisema anamsumbua yule mwenye baka, picha ni nzuri.

Antena ya pili ilikuwa ya mkebe, na ilikuwa ya upande wa kamera. Nilichukua mkebe wa maziwa ya unga, nikautoboa ubavuni, nikapitisha kijiti cha waya wa shaba chenye urefu wa kiungo kimoja cha kidole, nikakiunga kwa risasi iliyoyeyushwa kwenye kebo ya kwenda kwa kamera. Mdomo wa mkebe ndio unaoelekezwa kule unakotaka picha iende. Kazi hiyo ilinichukua mchana mzima na kitambaa kimoja cha meza, kile cha Mama, ambacho sasa kina tundu lenye ukingo wa kahawia. Dada hajui. Akisoma hapa atajua.

Tulipoufunga mkebe bomani, tukakubaliana wote watatu, mimi, Baba na mume wangu, kwamba sasa kilichobaki ni kupandisha antena ya upande wa nyumbani. Huku kwetu kila mtu ana uhakika wa jambo moja kuhusu antena: iwe juu. Kila nyumba unayopita ina mlingoti wa mti na chuma cha runinga kinachotetemeka mbinguni. Nikatoa ngazi stoo, nikaiegemeza ukutani, nikakanyaga kidato cha kwanza.

"Shuka," Baba akasema nyuma yangu.

"Baba, ni dakika mbili tu."

"Wewe msichana, shuka kwa ngazi yangu."

Nina miaka hamsini na kitu, nina meno ya bandia mawili, na nikashuka. Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba, sembuse paa la babake. Nikamgeukia mume wangu. Yeye alikuwa tayari amerudi nyuma, mikono iko mfukoni.

"Mimi? Nikanyage juu ya kichwa cha baba mkwe? Nikifanya hivyo, huko kwetu wataniitisha mbuzi wa kunitakasa, halafu watamla bila mimi."

"Ni bati tu."

"Bati ya nani?"

Ndugu yetu wa kiume, ambaye ndiye mwenye ruhusa, yuko Nairobi. Nilimpigia, akasema atalishughulikia Desemba. Nikapendekeza tuite fundi wa sokoni. Baba akatikisa kichwa. Watu wakiona mgeni juu ya nyumba yake, akasema, watasema nyumba inabomolewa na mzee anapelekwa Kericho. "Hayo maneno yameshaanza kutembea. Sitaki kuyapatia miguu."

Basi nikasimamisha mlingoti mrefu kando ya nyumba, usiogusa bati, nikapandisha karai hadi juu pamoja na kiantena, na kuteremsha kebo ndefu hadi kwa skrini. Majirani walipunguza mwendo barabarani kutazama karai angani. Mmoja aliuliza kama ni ya kukingia mvua. Picha nayo ikawa mbaya kuliko ilipokuwa dirishani. Nilirudi kwa wanaume wa meza safi, na mmoja akaniambia kitu ambacho wenzake walisahau kusema: mawimbi ya aina hii ni dhaifu, na kebo ndefu huyanywa njiani kama punda wa maji anayefika na mapipa matupu. Ni heri kebo fupi na antena iliyo chini kuliko kebo ndefu na antena iliyo juu. Nikauangusha mlingoti, nikairudisha karai dirishani. Yule mama akaja kuikagua karai yake, akaipiga kwa kidole, akasema, "Imepata kuona dunia."

Kosa lililofuata ni la wilaya nzima, si langu peke yangu, ingawa mimi ndiye niliyelifanya. Antena zote za runinga mlizowahi kuona huku zimelala, vile vyuma vyake viko kama vidato vya ngazi iliyolazwa. Kwa hiyo nilipofunga mkebe wangu, nilihakikisha kile kijiti cha shaba kimelala vizuri. Hata kipimo cha usawa cha fundi mwashi nilitumia. Kumbe kiantena cha skrini ya Baba kinasimama wima, na kijiti kilicholala hakisikilizani na kilichosimama.

Hatukujua hivyo kwa akili. Tulijua kwa mvua. Mume wangu alikuwa bomani ameufungua mkebe, ameushika mkononi, tukijaribu upande huu na upande ule, manyunyu yakaanza, naye akauvuta ndani ya koti usilowe. Alipouvuta aliugeuza ubavu, kijiti kikasimama. Sebuleni Baba akainuka nusu kwenye kiti.

"Hapo! Mwambie hapo hapo! Mwambie asipumue!"

Nilimfikishia ujumbe kwa simu. "Mzee anasema usipumue."

"Mpaka lini?"

Kwenye skrini kulikuwa na ng'ombe. Si moshi, si chengachenga. Ng'ombe, na manyoya yao, na nzi wao. Yule mweusi alikuwa akimsukuma mwenye baka kutoka kwenye chumvi. Ndama alikuwa akinyonya kwa ulafi hadi mkia unazunguka. Baba aliwatazama, macho yakitembea kutoka mmoja hadi mwingine, na mimi nikatazama pembeni, kwa sababu nilijua alikuwa akifanya ile kazi isiyotajwa kwa mdomo. Kisha akasema, "Haya." Nikajisikia nimepata shahada nyingine.

Shahada hiyo ilidumu kama nusu saa. Mvua yenyewe ilipofika, ile ya kwetu isiyobisha hodi, picha ikafifia, ikakatika, ikaondoka. Ilirudi kesho yake asubuhi ikiwa safi kabisa, na alasiri ikaondoka tena. Tatizo lilikuwa mikaratusi. Majani makavu huyaacha mawimbi yapite kidogo; majani yaliyolowa ni kama ukuta. Na Baba huwatazama ng'ombe asubuhi na jioni, na jioni zetu zote zimelowa.

Siku iliyofuata nilimkuta mwanzo wa njia, amevaa koti la mvua, fimbo mpya mkononi.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kuangalia kama mvua imewala."

"Dada anakuja Jumamosi."

"Najua." Akatazama chini kwenye ule udongo unaong'aa. "Lakini sasa nitalala vipi, na picha imekatika wakiwa katikati ya kula?"

Hapo niliona nilichofanya. Zamani alishuka kwa mazoea. Sasa angeshuka kwa wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hutembea haraka. Nikamshika mkono, tukabishana kidogo, akakubali nishuke mimi. Niliteremka kwa makalio sehemu ndefu ya njia. Niliporudi nikamwambia wametimia. Akanitazama kama karani anayetazama cheti bandia.

Nilipendekeza tukate miti michache. Miti hiyo, Baba akanijibu, ni ya kujengea nyumba ya ndugu yako. Ndugu yangu yule wa Desemba. Sikuendelea.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla dada hajaja, niliamua angalau niirudishe karai kwa mwenyewe kabla dada hajaiona sebuleni. Nikaibeba pamoja na skrini na betri yake, vyote vimefungwa pamoja kama nilivyovifunga, mvua ikanikuta uani, nikakimbilia jikoni. Jiko letu ni la nje, limejengwa peke yake kwenye pembe ya ua. Niliweka mzigo wangu juu ya kuni nikaanza kujipangusa uso.

"Mbona ng'ombe wako ndani ya karai?" akauliza yule mama.

Nikageuka. Picha ilikuwa imetulia kabisa, na nje mvua ilikuwa ikipiga bati kama kokoto. Nikachungulia kwenye kidirisha. Kutoka pale, mikaratusi yote ilikuwa imebaki upande mmoja. Mbele yangu kulikuwa na chai tu, imechumwa ikawa sawa kama meza, ikiteremka hadi paa la boma. Mawimbi yalikuwa yakipanda juu ya meza hiyo bila kugusa mti hata mmoja. Hakuna mlingoti, hakuna ngazi, hakuna mbuzi wa kutakasa mtu.

Nilifungua mdomo nimwite Baba, nikaufunga.

Mwanamume wa rika la Baba haketi jikoni. Si sheria iliyoandikwa mahali. Ni kama vile haendi kanisani na taulo. Mama alipokuwa hai, Baba akitaka kitu alisimama nje akakohoa, na Mama akatoka. Sikumbuki hata mara moja nikiona mguu wake ukivuka kile kizingiti. Na skrini yangu ya bei ya chini ni kitu kimoja na kipokezi chake. Haina pa kuchomeka waya wa kupeleka picha kwingine, na kebo ndefu ya antena tulishaona inavyokunywa mawimbi. Ama jikoni, ama hapana.

Nilimwambia Baba jioni, nikiwa natazama viatu vyangu. Nilimweleza chai, miti, kidirisha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Jikoni," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akachukua redio akatafuta taarifa ya habari. Skrini na karai nikaviacha kulekule jikoni.

Jumamosi dada alifika baada ya chakula cha mchana na mvua ikafika naye. Alikuwa amevaa viatu vya mjini na sura ya kikao. Tulikaa sebuleni, mimi, mume wangu, dada, na Baba kwenye kiti chake. Dada aliongea vizuri, sitamnyima hilo. Alisema habari ya nyonga, habari ya umri, habari ya usiku mtu anaposhindwa kulala akiwaza kama babake ameanguka na hakuna wa kumwinua. Sauti ilimkatika kidogo hapo mwisho. Kisha akanitazama. "Na hiyo kamera iko wapi?"

Kabla sijajibu, Baba alichukua fimbo akasimama. Akavaa kofia. Akatoka nje.

"Mnaona?" dada akasema, ameshainuka. "Mnaona? Hata tukiwa hapa!"

Tukamfuata hadi mlangoni. Baba alivuka ua polepole kwenye mvua, akaelekea kwenye njia, akaipita. Akasimama mbele ya jiko. Akakohoa.

Yule mama akatoka mbio na sahani mkononi. "Mzee anataka nini?"

"Sitaki kitu. Sogea kidogo."

Na akaingia.

Nimewahi kuona watu wakishangaa, lakini sijawahi kuona kitu kama uso wa yule mama alipobaki nje ya jiko lake mwenyewe, ananyeshewa, ameshika sahani. Mume wangu akaleta kiti cha Baba kutoka sebuleni. Hakikupita mlangoni, tukakigeuza, tukakiinamisha, kikapita na kipande cha fremu ya mlango. Baba akaketi, mgongo wima, kama mtu aliyealikwa mahali asipojua desturi zao. Moshi ukamwendea moja kwa moja machoni.

"Huu moshi hukaa hapa siku zote?" akauliza.

"Ni wa kwetu," yule mama akamjibu, amepata sauti. "Na mzee akikaa hapa, habari ya chumvi ya chakula aniachie mimi."

"Nimekubali."

Akaitazama skrini. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kifuani, anangoja kitu kiharibike. Hakikuharibika. Baba akawapitia wote kwa macho, kisha akarudi kwa mmoja, akasogea mbele.

"Huyu mwenye baka hajakanyagia mguu wa nyuma tangu nikae. Kuna kitu kwa kwato. Mtu ashuke."

Mume wangu akaanza kutafuta gambuti zake za mpira. "Nitaenda mimi," dada akasema. Nadhani alitaka kuhakikisha kwamba ng'ombe wa kwenye skrini ndio ng'ombe wa mtoni. Akavaa gambuti za yule mama, akachukua mwavuli, akateremka. Tulimwona kwa dirisha akiteleza mara mbili na kutamka maneno ambayo kwa bahati nzuri kamera haipokei. Halafu akaingia kwenye picha, mdogo, amelowa, na simu sikioni. Baba alikuwa na simu yangu, spika imefunguliwa.

"Inua huo mguu. Si huo. Wa upande wa mto. Mkwaruze mgongo kwanza, yeye hapendi kushtuliwa."

Dada alimkwaruza mgongo. Nilisahau kwamba anajua. Alikuwa akikamua kabla mimi sijazaliwa. Aliweka mwavuli chini, akainama, akauweka mguu wa ng'ombe kwenye goti lake la kikao, akachokoa kwa kidole. Akatoa kitu akakiinua kuelekea kamera: kibanzi cha mti, kirefu, cheusi.

"Unaona, Baba?"

"Naona."

Alibaki amesimama pale. Mwenye baka alikanyaga, akajaribu, akakanyaga tena. Simu ya dada ikalia ile sauti ya mtu wa pili anayepiga, tukamsikia akisema, "Ngoja, Baba," kisha kimya, na kwenye picha midomo yake ikiongea na mtu mwingine kwa muda mfupi. Akarudi kwetu.

"Ni yule wa lori," akasema. "Nimemwambia asije."

Yule mama alisukuma kuni. Baba alipangusa macho, na kwa kuwa moshi ulikuwepo hatukumuuliza.

"Vizuri," akamwambia dada kwenye simu. "Sasa sogea, mama. Umenizibia yule mweusi."